Vishonanguo Kwenye Mlamula

Katika matanga ya shangazi yangu Paskazia niliombwa niseme maneno mawili, nami nikasema yale yanayosemwa kila mahali: alikuwa mpole, mcha Mungu, mtu wa watu. Waombolezaji wakaitikia, mwanakwaya mmoja akaanzisha pambio, nikarudi kukaa mkekani. Kumcha Mungu sina ubishi nako, na watu alikuwa nao wengi. Upole ndio tuliomsingizia. Nimekuwa bibi shamba kwa miaka mingi, nimekaa katika vikao vya vijiji vya Karagwe na Kyerwa mpaka mabenchi yenyewe yamenichoka, na sijaona mkaidi kama yule mwanamke aliyeongea daima akitazama chini. Upo mwaka mmoja nilioishi naye, ulioanzia pale Chonyonyo, 1991, nikiwa na miaka kumi na tisa, ambao wajukuu wa ukoo hawaujui, na wale waliokuwapo ama wamekwisha kufa ama wanajifanya wamesahau. Kwa nini nilipelekwa kwake si habari ya sura hii. Nilipelekwa, kama wasichana wengi walivyopelekwa kwa shangazi zao, nikiwa na sanduku la bati na kandambili mpya, mvua za masika zikiwa ndiyo kwanza zinanukia.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi na bati, vyumba vitatu, ikikaa katikati ya kibanja, yaani shamba la migomba, kama mtu aliyejifunika blanketi. Migomba ilianza hatua chache tu kutoka mlangoni na kuendelea mpaka usione tena. Sebuleni tulitandaza nyasi mbichi kila Jumamosi, na mpaka leo nikisikia harufu ya nyasi zilizokatwa nadhani kuna mgeni anakuja. Nililala chumba cha magunia ya maharage. Jikoni, nje kwa nyuma, kulikuwa na mafiga matatu na sufuria moja kubwa ambamo ndizi na maharage vilipikwa pamoja, vikafunikwa kwa majani ya mgomba, vikaachwa viive taratibu huku sisi tukifanya mengine. Tulikula vizuri. Nalisema hili kwa sababu watu husikia neno mjane wakafikiri njaa. Shangazi hakuwa na njaa. Alikuwa amefiwa na mume, hakuzaa naye, na kibanja alichokilima tangu alipoletwa bibi harusi kilikuwa cha ukoo wa mumewe. Alichokosa ni jambo jingine, nalo nililielewa polepole, zaidi kwa kusikia kuliko kwa kuambiwa.

Kusikia hakukuwa na shida pale. Shemeji yake Laurenti, mdogo wa marehemu, alikuwa na kibanja kilichopakana na chetu, na jioni alikaa kizingitini kwake akizungumza kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika upande wa pili. Akizungumza na mkewe Domitila kuhusu mbolea, sisi tulijua. Akizungumza kuhusu kahawa, ambayo ilikuwa katika kibanja cha shangazi lakini yeye ndiye aliyeivuna na kuiuza kama mwanamume wa nyumba ile, sisi tulijua. Jioni moja alimwambia mkewe kwamba wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema mpe kibanja. Shangazi alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa wala kisu hakikusimama. Nilimwuliza kama amesikia, akanijibu kwamba Laurenti ana kifua kizuri, angefaa kwaya.

Hukumu yenyewe ilikuwa imetolewa siku ya kuondoa matanga ya mumewe, kabla mimi sijafika. Wazee wa ukoo walimwambia akae, ale, alime maharage na mahindi na viazi kati ya migomba kama wanawake wanavyolima, ila mambo mawili asiyafanye: asipande mti, na asifunge mlamula. Mti, kwa sababu anayepanda mti anasema atakuwapo utakapokua. Mlamula, kwa sababu ule mmea mwembamba ulionyooka, wenye majani kama mikuki, ndio mpaka wetu. Hupandwa kwa safu kati ya kibanja na kibanja, ukikatwa huchipua tena, na mtu akitaka kudai ardhi mbele ya ukoo huchukua kamba ya mgomba mkavu akaifunga fundo kwenye mlamula. Fundo likishafungwa, wazee lazima waje waamue. Na hata wakiamua, halifunguliwi na mwingine yeyote isipokuwa aliyelifunga. Sijui nani alianzisha. Najua kwamba nilikua nikiona wanaume wasioogopa chui wakizunguka mbali ili shati lisiguse mlamula wenye fundo.

Basi shangazi alikaa, akala, akalima maharage. Kila kilichodumu zaidi ya msimu mmoja kilikuwa cha mwingine.

Mwezi Machi niliandikishwa mafunzo ya bustani kule Bugene, yaliyoendeshwa na kanisa kwa wasichana waliomaliza shule na hawakuendelea. Nilikwenda Jumatatu, nikalala huko bwenini, nikarudi Alhamisi. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja wa Kizungu aliyepauka nywele na kuiva uso, tuliyemwita Mama Bustani. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na chetu hakikuwa kikubwa, maana nyumbani sote tulisema Kinyambo, kwa hiyo tulielewana vizuri. Yeye ndiye aliyetuletea zile tepe. Zilikuwa za kijani, upana wa kidole, upande mmoja una vijino vidogo mno vya kukwaruza, upande wa pili una manyoya. Unazungusha tepe kwenye shina la nyanya na kijiti chake, unaibandika yenyewe kwa yenyewe, inashika. Mmea ukirefuka unaibandua, traa, unaisogeza juu, unaibandika tena. Alitueleza kwamba uzi na kamba hulikata shina linaponenepa, lakini hizi unazilegeza, na msimu ukiisha unaziosha na kuzitumia tena mwakani. Hatukuhitaji kuambiwa mara mbili ni kitu gani. Kwetu lipo gugu ambalo ukipita shambani mbegu zake zinang'ang'ania sketi, nalo linaitwa kishonanguo. Kabla ya chakula cha mchana tepe zote zilikuwa zimeshaitwa vishonanguo, na wasichana wawili walikuwa wameshonwa pamoja kwa nywele.

Mama Bustani alitugawia kila mmoja fungu la kujaza kiganja. Alhamisi ile nilimkuta shangazi anapukuchua maharage sebuleni, nikamwonyesha kwa mguu wa meza kama mchuuzi wa mnadani. Alikichukua kimoja, akakibandua na kukibandika, akakibandua tena. Aliupitisha ukucha kwenye vijino. Nilidhani anakistaajabia, nikaanza kumweleza habari za nyanya.

"Hakina fundo," akasema.

Nikamwambia kwa majivuno kwamba hakihitaji. Alinirudishia, akaendelea na maharage yake. Baada ya majuma mawili akaniuliza kama huko Bugene wanayo miche ya pesheni, na kama naweza kumletea.

Pesheni ni mmea mwenye tabia mbaya kwa wanaopenda sheria. Hutambaa na kupanda juu ya vingine kama maharage, lakini hauishi msimu mmoja. Ukiutunza utakupa matunda miaka kadhaa. Unahitaji kitu cha kuupandia. Kule Bugene tulitumia nguzo za mianzi. Shangazi nguzo hakuwa nazo, kwa sababu miti ya kukata ilikuwa ya Laurenti, na kijiti kibichi kikichomekwa ardhini kwetu huota kabla hujamaliza kunawa mikono, na kikiota kimekuwa mti. Alichokuwa nacho, kilichosimama wima tayari, kwa safu nzuri, chenye urefu wa kutosha, ni milamula ya mpakani kati yake na Laurenti. Nilipomwona anachimba mashimo chini yake nikamkumbusha, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa mgeni na mimi mwenyeji, kwamba amekatazwa.

"Nimekatazwa kufunga," alinijibu. "Kufunga ni fundo. Nionyeshe fundo."

Nilicheka. Nilimwona mjanja kuliko wote, na nikajiona mjanja kidogo mimi mwenyewe kwa kuwa vishonanguo nilivileta mimi. Yeye hakucheka. Alikuwa amepiga magoti matopeni, anauzungushia mche mchanga tepe ya kijani kwa uangalifu wa mtu anayemfunga mtoto kitambaa kichwani, akiacha nafasi ya kidole kati ya tepe na shina kama Mama Bustani alivyoagiza.

Miezi ile ilikuwa ya amani. Kila Jumamosi, baada ya kutandaza nyasi, tulikwenda mpakani, tukabandua na kusogeza juu. Tuligundua kwamba adui wa vishonanguo si mvua wala jua bali manyoya na vumbi la nyuzi za mgomba. Vijino vikijaa uchafu haviumi tena. Shangazi alivisafisha kwa mwiba wa mchungwa, kimoja kimoja, ameketi kizingitini, na waliopita njiani walidhani anashona. Nimewafundisha wakulima wengi tangu siku zile, nimeona kamba za kila aina zikija na wafadhili na kuondoka nao, na bado sijaona kitu kinachosogea na mmea vile, kinachokubali kubanduliwa mara mia bila kuacha alama. Wakati ule niliona huo ndio uzuri wake wote. Mwezi wa tisa maua yalitoka, yale maua ya pesheni yanayoonekana kama yametengenezwa na mtu mwenye muda mwingi, na matunda ya kwanza ya kijani yakafuata. Mchuuzi mmoja wa Kayanga alipita akayatomasa, akasema yakikomaa atayachukua yote. Shangazi alimwambia yatakuwa yanakomaa kila mwaka. Alilisema neno hilo, kila mwaka, mara mbili. Mchuuzi akadhani anasifia mali yake.

Laurenti alikuwa ameyaona majani muda mrefu, lakini majani ni majani. Maua ndiyo yaliyomleta. Alikuja asubuhi, akamsalimu shemeji yake vizuri, akamuuliza tangu lini milamula ya baba yake inatoa maua. Kisha akaona kijani kisicho cha mmea. Alikishika kishonanguo kimoja, akakivuta, kikalia traa mkononi mwake, akaruka nyuma kama aliyekanyaga siafu. Mimi nilikuwa na ndoo kichwani na ilibidi niitue kwa sababu ya kicheko. Alikiacha kikining'inia, akarudi kwake, na jioni ile kizingiti chake kilikuwa kimya. Kimya kina mshindo mkuu, na huo mshindo tuliusikia Jumapili ya pili yake, baada ya Misa, wazee wa ukoo walipoingia uani mmoja baada ya mwingine na fimbo zao.

Kikao kilikaa sebuleni kwetu, juu ya nyasi mpya. Shangazi aliwapigia magoti akawasalimu, akawapitishia kikapu cha kahawa za kutafuna, akaketi karibu na mlango wa ndani mahali pa wanawake. Nilisimama nyuma yake. Aliyeongoza alikuwa Mzee Novati, baba mdogo wa marehemu, mtu mfupi mwenye jicho moja lililofifia, ambaye sifa yake ilikuwa kwamba vikao vyake huisha kabla ya chakula kupoa. Laurenti alisimama akaeleza mambo mawili. La kwanza, shemeji yake amepanda mti. La pili, amefunga mlamula. Na kwa kuwa amevunja yote mawili, neno la kumkalisha limevunjika lenyewe, na kibanja kirudi kwa wenyewe. Alisema bila kelele, nakiri, na bila kumtukana. Hapo ndipo nilipoogopa. Mpaka siku ile nilikuwa naona ni mchezo kati ya shangazi na kifua cha Laurenti. Sasa nilijiuliza, wakiafiki, tutalala wapi.

Habari ya mti ilichukua muda mrefu na ilikuwa ya kuchekesha kama ingekuwa ya watu wengine. Mzee mmoja alisema kinachoishi zaidi ya mwaka ni mti. Mwingine akauliza, je, mbuzi wake ni mti? Wakabishana kama mhogo ni mti. Mzee Novati alitafuna kahawa yake mpaka wakachoka, kisha akasema kwamba kisichoweza kusimama chenyewe hakijawahi kuwa mti, ni jamaa wa maharage, na maharage tulimruhusu. Hilo likaisha. Kwa habari ya mlamula akaomba akaonyeshwe.

Tulitoka wote. Mzee Novati alisogeza jicho lake zima karibu kabisa na mlamula wa kwanza, akazunguka upande wa pili, akauliza fundo liko wapi. Laurenti akaonyesha kishonanguo. Mzee akakipapasa, hakupata mwisho wala mwanzo. Akakivuta. Traa. Wazee wote wakasogea. Akakirudishia, kikashika. Akakivuta tena. Nilishuhudia wazee saba wa ukoo, wenye makoti na kofia za Jumapili, wamejipanga kwenye mpaka, kila mmoja na mlamula wake, wanabandua na kubandika, na mmoja akakijaribu kwenye mkono wa koti lake kuona kama kitashika sufu, kikashika, wakasaidiana kumtoa. Shangazi alibaki kando, mikono ameifumbata. Mimi nilikuwa nimeshafurahi. Nilijua tumeshinda.

Na kweli tulishinda. Waliporudi kuketi, Mzee Novati alisema kwamba kufunga mlamula ni kufunga fundo, hivyo ndivyo baba zake walivyomwambia, na yeye ameangalia safu nzima hakuona fundo hata moja. Kitu kinachofunguka kwa kuvutwa na kisiache alama kimewekwa tu, kama mtu anavyoanika nguo kwenye ua. Nadhani alifurahi kupata njia ile. Hakuwa na haja ya kumfukuza mjane, wala ya kumwudhi Laurenti.

"Umesikia, Paskazia," akamwambia. "Hukufunga. Piga magoti ushukuru, tule."

Shangazi alisogea katikati akapiga magoti. Alitazama nyasi.

"Nashukuru, baba," alisema. "Lakini nimefunga."

Mzee Novati alifanya kama hakusikia vizuri, akamwambia kwamba ameweka tu, wameshaona.

"Nimefunga. Nilitafuta kitu kisicho na fundo ili mkija msione. Mmekuja, na hamkuona. Sasa nawaambia mwenyewe." Laurenti alitaka kuinuka, mzee akamzuia kwa mkono. Shangazi hakuharakisha. "Mkisema sikufunga, nitakaa humu mpaka kufa kama nguo iliyoanikwa. Semeni nimefunga. Halafu mseme kibanja hiki ni changu au si changu. Hilo hamjawahi kulisema."

Akainuka. Tulimsikia akitembea uani, kisha sauti ya kamba kavu ikichanwa kutoka kwenye mgomba. Wazee walitazamana, wakatoka mmoja mmoja. Alikuwa mpakani. Katika kila mlamula uliobeba pesheni alikuwa anafunga kamba ya mgomba, fundo juu ya fundo, akilikaza kwa meno pale mkono uliposhindwa. Alifunga safu nzima mbele yao na hakuna aliyemzuia, kwa sababu hakuna mila ya kumzuia anayefunga. Nilimkasirikia kupita kiasi. Tulikuwa tumepewa nyumba, maharage, pesheni, kila kitu, tena kwa ujanja wake mwenyewe, naye alikuwa anakitupa mbele ya macho yangu kwa ajili ya neno. Nilidhani amechanganyikiwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliamini kwamba ukishapata ulichokitaka, imekwisha.

Mzee Novati alikuwa mwaminifu kwa mila yake. Fundo lilikuwapo, akaulizwa, akajibu. Alisema huku akitazama kikapu cha kahawa kwamba kibanja ni cha ukoo, mke wa ukoo hakidai, na aliyedai kisicho chake hawezi kuendelea kula humo. Akampa muda mpaka msimu wa senene uishe. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelazimishwa kunywa dawa. Hawakula. Lile sufuria la ndizi tulilila sisi wawili kwa siku mbili, mimi nimenuna, yeye akila vizuri kabisa. Siku ya pili nilishindwa kuvumilia nikamwuliza kwa nini. Alifikiri, akaniambia kwamba alipomwona mzee anabandua na kubandika, aliona jinsi kinavyobanduka kwa urahisi. Hakuongeza kitu, na mimi wakati ule sikuona kuwa ni jibu.

Nimekuwa na muda wa kuliona. Katika kazi yangu nimewaona wanawake wengi waliopewa njia kama ile: kaa tu, lima tu, usiandike jina, nani atakusumbua? Wengi waliichukua na sithubutu kuwalaumu; wana watoto. Lakini mtu akinipa mimi mlango wa kutokea usio na aibu wala kelele, huwa nautazama mara mbili, na nimekwisha kupoteza vyeo viwili kwa tabia hiyo. Ukaidi huambukiza kama upele.

Senene walikuja wengi mwaka ule, tukawakaanga, tukawala, wakaisha. Upande wa Kyerwa, ambao wakati ule ulikuwa bado ni wilaya ya Karagwe, serikali ya kijiji kimoja ilikuwa inagawa pori kwa yeyote mwenye nguvu ya kulifyeka, mwanamume au mwanamke, na shangazi alikuwa amekwisha kwenda kuuliza mwenyewe kwa miguu. Siku ya kuhama tulikwenda mpakani kubandua vishonanguo. Vilitoka vyote vizima. Pesheni zilikuwa zimeshajishika zenyewe kwa vikono vyao, zimejaa matunda, na tulipomaliza usingejua kwamba kijani kile kilikuwapo. Mafundo hakuyagusa. Nilimwuliza kama hayafungui, akaniambia tutachelewa.

Huko Kyerwa tulianza na kibanda cha nyasi na moshi wa kufukuza mbu. Kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo na sikuipenda; nililia mara kadhaa na yeye aliniacha nilie. Kabla hata migomba haijashika, alikwenda kukata nguzo mbichi za mibono, akazichomeka kwa safu, mbichi makusudi ili ziote, akapanda pesheni chini ya kila moja na kuizungushia kishonanguo chake. Nguzo zikaota. Alikuwa akizipita asubuhi, anahesabu vichipukizi kwa kuvigusa.

Mwaka wangu naye ulikuwa unaelekea kutimia Laurenti alipofika, jua la saa nane, baiskeli imejaa vumbi. Tulikuwa shambani tunasogeza tepe. Shangazi alimpokea kama shemeji anavyopokewa, akamletea maji ya kunawa, akamwekea ndizi na maharage. Ilimchukua muda kulifikia jambo lake. Alisifia pori, akauliza habari za mvua. Kisha akasema kwamba alitaka kuing'oa milamula ili aviunge vibanja viwili viwe kimoja, lakini kila anayemwita kumsaidia akiyaona mafundo anaweka panga chini. Alileta vibarua waliotoka mbali, watu ambao si wa mila yetu. Wakauliza majirani, nao wakaondoka. Domitila hapiti upande ule hata kuokota kuni, na watoto amewakataza pesheni, zinaanguka na kuoza. Mzee Novati amemwambia kwamba yeye aliamua juu ya kibanja, hakuamua juu ya mafundo. Kwa hiyo amekuja kumwomba shemeji yake apande nyuma ya baiskeli, siku moja tu, akayafungue.

Shangazi alikuwa na kishonanguo mkononi, anakitoa uchafu kwa mwiba. Hakuacha.

"Kumbe nilifunga," akasema.

Laurenti alitazama bakuli lake.

"Ulifunga, shemeji," akasema.

Shangazi alikiweka kishonanguo chini, akamsogezea bakuli la mchuzi. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa anamtazama mtu usoni.

"Basi yaache yakae," akamwambia. "Kula, zinapoa."

Alikula mpaka akamaliza, akashukuru, akapanda baiskeli yake kurudi Chonyonyo.